Kiti cha Mwenyekiti

Walianza kumwita Sindano akiwa msichana, miaka mingi kabla ugonjwa haujabisha hodi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona viti vya pikipiki. Ulimpelekea kiti kilichochanika, sponji limetoka nje kama ulimi wa mbwa aliyekimbia, na baada ya siku mbili ulikikuta kimevaa ngozi mpya, mshono umenyooka kama mstari wa rula. Alipotimiza miaka ishirini na mmoja akapata kisukari, kile cha kujidunga dawa mara nne kwa siku hadi mwisho wa maisha. Watu wakasema jina lilimtangulia, yeye akalifuata. Mwenyewe alicheka. "Afadhali hawakuniita Jeneza," alisema.

Pikipiki alijifunza kwa ajili ya kazi. Fundi wa viti asiyepanda, alisema, ni sawa na mpishi asiyeonja. Ubaya wa kiti haujulikani dukani; unajulikana baada ya saa tatu barabarani, nyonga zikianza kulalamika. Basi akawa anajaribu viti vyake mwenyewe, leo mji wa jirani, kesho mji wa pili yake, hadi safari ndefu zikamwingia damuni. Dawa aliizungushia kitambaa kibichi ndani ya mfuko alioushona mwenyewe, upepo ukaipoza. Kipima sukari kilikaa mfuko wa kushoto wa koti, peremende mfuko wa kulia. Kila saa moja na nusu alisimama, akajitoboa kidole, akasoma namba, akaamua: kula, kujidunga, au kwenda. Miaka kumi na mitano alikwenda hivyo na hakuna aliyemwokota njiani.

Hadi siku ya kona.

Siku hiyo chama cha waendeshaji kilikuwa safarini, pikipiki ishirini na mbili kwa mstari, na mbele kwenye kona ya mlima alikuwa amechuchumaa mpiga picha. Mwenyekiti wa chama, muuza vipuri mwenye sauti nene na tabasamu pana, alikuwa nyuma ya Sindano, na hakutaka kutokea pichani nyuma ya mwanamke. Akampita kwa ndani ya kona, akamkatia mbele, gurudumu lake la nyuma likagusa la mbele la Sindano. Mwenyekiti alitokea vizuri pichani. Sindano alitokea mtaroni, mfupa wa mtulinga umevunjika.

Akiwa amelala kwenye majani, vumbi mdomoni, aliisikia ile sauti nene juu yake ikiwaeleza wenzao. "Sukari imemshuka, maskini. Nilimwona anayumba tangu kule chini. Nilimpita ili nimsimamishe."

"Nimepima sasa hivi, kabla hatujaanza kupanda mlima," Sindano alisema. "Sita nukta nane. Wewe ndiye uliyenikatia."

"Tulia dada yangu, usijichoshe," Mwenyekiti alimjibu, akamfunika kwa koti lake.

Sita nukta nane ni sukari ya mtu mwenye afya yake aliyetoka kunywa chai. Lakini aliyelala chini hana sauti mbele ya aliyesimama, na wote walijua kwamba Sindano anaumwa, ila hakuna aliyejua kwamba Mwenyekiti ni mwongo. Wiki tatu baadaye, mkono wa Sindano ungali umening'inizwa shingoni, chama kilipitisha kanuni: mwenye ugonjwa wa kudumu haruhusiwi safari ndefu. Mwenyekiti ndiye aliyeisoma. "Tunampenda dada yetu," alisema, "ndiyo maana." Shule ya udereva alikofundisha wanawake kila Jumamosi ikasikia, nayo ikamwomba apumzike. Mfupa uliunga. Lile "ndiyo maana" halikuunga.

Hakupiga kelele. Akikutana na Mwenyekiti sokoni walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Lakini mume wake alijua. Mume huyo alikuwa fundi saa. Walitumia chumba kimoja cha kazi, yeye dirishani na lenzi yake jichoni, mkewe nyuma na cherehani, na kila jina la Mwenyekiti lilipotajwa na mteja, cherehani ile ilibadilika mlio.

"Mwenzangu, huo mzigo utaubeba mpaka lini?" alimuuliza siku moja.

"Mpaka nipate pa kuutua."

"Wapi?"

"Kichwani kwake."

Fundi saa alirudisha lenzi jichoni. Hakuwa mtu wa kubishana na mtu aliyeshika mkasi.

Mwaka wa tatu ukafika. Kila mwaka chama kilikuwa na safari yake kuu: kilomita mia nane kwa siku moja, kuondoka jua likichomoza na kufika kabla halijazama, kwa kupita vituo vitatu vya mafuta na kupigiwa muhuri kila kituo. Mwenyekiti alikuwa amefika wa kwanza mara saba mfululizo, na picha zote saba alizitundika dukani juu ya makopo ya oili, ili mteja akiinua macho asikose pa kuyatua. Siku kumi kabla ya safari ya nane, mke wake aliingia chumba cha kazi na kiti cha pikipiki kwapani.

"Wifi, kaka yako kanituma," alisema. "Mgongo unamtesa safari za mbali. Anasema mafundi wako wengi, ila mwenye kiti cha kukalika ni wewe tu."

"Kiache hapo, wifi. Mwambie nitakishona mwenyewe, simwachii mtu."

Mama yule alipotoka, Sindano alikitazama kile kiti muda mrefu. Cheo cha yule bwana kilikuwa mwenye kiti, na kiti chenyewe sasa kilikuwa mezani kwake, kinasubiri kuvuliwa nguo.

Akakivua. Akang'oa sponji la zamani hadi kwenye ubao. Kisha akakata sponji gumu, akalipa tuta dogo katikati, nene kama kidole gumba, likipita sawasawa pale mifupa miwili ya makalio inapotua. Juu yake akalaza sponji laini. Ukikikalia dukani ulisema umekalia wingu. Lakini laini hudidimia kadiri safari inavyokwenda, na baada ya kilomita mia moja lile tuta lingeanza kupanda kidogo kidogo, na kufikia mia tatu mwanaume angeendesha akiwa amesimama kama jogoo juu ya paa. Alishona mchana kutwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu aliimba kazini.

Wimbo ndio uliomwinua mume wake. Alikuja, akakibonyeza kile kiti kwa kidole chake kilichozoea kugusa vitu vidogo.

"Humu kuna kitu," alisema.

"Kipo."

"Umekiweka kwa makusudi."

"Kwa makusudi na kwa kipimo."

Fundi saa alirudi dirishani, akafungua saa ya mteja, akapuliza vumbi. Robo saa ikapita. "Akishindwa atasema ni kiti," alisema bila kugeuka.

Sindano aliacha kushona. Maneno hayo yalimchoma kuliko nasaha yoyote ya kusamehe. Alimwona kabisa yule bwana mbele ya watu, tabasamu pana, akisema fundi ni mgonjwa, maskini, siku hizi mkono wake umepungua nguvu. Alichukua kisu, akaukata mshono wa kutwa nzima, akautoa uzi wote, akalitupa lile tuta. Halafu akaanza upya, akashona kiti ambacho hajapata kushona mfano wake, hata chake mwenyewe hakikukifikia. Haikuwa huruma. Alitaka siku ya siku ikifika yule mtu asiwe na pa kujificha, hata upana wa kitambaa.

Kesho yake alikwenda kliniki kumwona muuguzi aliyemlea na sukari yake kwa miaka ishirini. Muuguzi alisikiliza mpango wote wa kuiendesha ile safari kuu peke yake, akavua miwani.

"Unakwenda kwa sababu gani hasa?"

"Hasira."

"Hasira hupandisha sukari."

"Basi nitaipima na hiyo."

Muuguzi hakucheka. Alimwandikia masharti, naye Sindano akayasoma kwa sauti kama mwanafunzi: chini ya tano asipande pikipiki. Ikishuka chini ya nne, ale peremende, na ikisharudi juu ya tano akae palepale robo tatu ya saa, hata kama nyumba yake inaungua. Fundi saa naye alichora jedwali la dakika. Kila kisimamo dakika saba: mafuta, kidole, tonge, muhuri. "Safari ndefu watu hawaipotezei barabarani," alimwambia. "Huipotezea vituoni, wakipiga soga."

Siku ya safari, pikipiki kumi na nne za chama ziliondoka jua linachungulia. Sindano aliwaacha watangulie robo saa, kisha akawasha yake. Kanuni ilimkataza kusafiri na chama. Barabara haikuwa ya chama. Alikuwa na daftari la shule la kupigia mihuri, na mwendo wake haukuzidi tisini. Kituo cha kwanza alikaa dakika saba. Kufika cha pili, nusu ya njia, aliwakuta wenzake wa zamani wamekaa na vikombe vya chai, Mwenyekiti katikati.

Mwenyekiti aliinuka, tabasamu limechelewa kidogo kufika usoni. "Dada, wewe! Unakwenda wapi?"

"Barabara hii inakwenda wapi?"

"Kanuni unaijua, dada yangu. Ni kwa usalama wako."

"Naijua. Uliisoma vizuri sana." Alimpa mhudumu daftari, likapigwa muhuri. Alijitoboa kidole mbele ya wote: saba kamili. Akala ndizi na kipande cha mkate akiwa amesimama. "Kiti kinakukalia vipi?"

"Kama kitanda. Sijapata kuona."

"Vizuri," alisema Sindano. "Tukumbushane hilo jioni."

Aliwaacha na chai zao. Ilikuwa saa sita na ushei, na moyo ulimdunda kwa raha. Raha hiyo ndiyo iliyomponza. Alipanga kusimama baada ya saa moja na nusu, lakini pikipiki ilikuwa inateleza, upepo wa uwanda ulikuwa nyuma yake, na alitaka kuongeza mwanya. Akasema bado kidogo. Akasema hadi ule mnara. Akapita mnara. Jua lilikuwa linachoma, na joto hufanya dawa iingie upesi damuni. Jambo hilo alilijua kama ajuavyo jina lake. Ndipo akaona mstari mweupe wa katikati umekuwa miwili, na jasho la baridi likamtambaa shingoni.

Alisimama kando ya daraja dogo la zege. Vidole vilitetemeka hadi akatoboa mara mbili. Tatu nukta nne. Alijitupia peremende mdomoni, nne, tano, akazitafuna, akanywa maji ya sukari, akaketi ardhini ameegemea gurudumu. Tusi alilojitukana hapo halifai kuandikwa. Kwa miaka mitatu alibeba uongo wa mtu, na leo kwa kiburi chake mwenyewe alikuwa ameufanya kuwa kweli.

Haikupita muda akasikia mngurumo. Pikipiki mbili tatu zilipita zikipiga honi. Ya nne ilipunguza mwendo, ikasimama. Mwenyekiti alipandisha kioo cha kofia yake, akamtazama kuanzia uso wenye jasho hadi maganda ya peremende.

"Ndiyo yaleyale, dada," alisema, kwa upole uleule. "Nikuitie gari?"

"Nenda zako."

"Mimi nilisema. Watu wakaniona mbaya."

"Nenda zako, nimekwambia."

Aliondoka taratibu, na hata kutoka nyuma Sindano aliona mabega yake yanacheka. Baada ya dakika kumi na tano alipima: tano nukta sita. Hasira ilimwambia panda, unaweza, yule pale anatokomea. Sharti la muuguzi lilimwambia robo tatu ya saa. Alikaa. Katika maisha yake alishakaa na maumivu ya kila namna, lakini dakika zile arobaini na tano chini ya jua, kila moja aliihisi ikipita kama uzi wa katani kwenye kidole. Alikula mkate wote. Alipima tena: saba nukta moja. Alitazama saa aliyotengenezewa na mumewe, akasubiri hadi mshale ukagusa, akapanda.

Asichokijua ni kwamba Mwenyekiti naye alikuwa amekaa. Alifika kituo cha tatu akiwa na habari, na mtu mwenye habari tamu haondoki upesi. Aliagiza chakula kwenye hoteli ya palepale kituoni. Aliwasimulia waliomtangulia, akawasimulia waliomfuata, na kila msikilizaji mpya hadithi ilinenepa. Haraka ya nini? Jua lilikuwa bado juu, na aliyekuwa akimtia kiwewe amekaa kando ya daraja. Akapiga simu hadi mwisho wa safari, kwa Katibu wa chama, akampa na yeye.

Sindano alipoingia kituoni aliiona pikipiki ya Mwenyekiti imeegeshwa kivulini, na kile kiti kinang'aa. Kupitia dirisha la hoteli aliuona mgongo wa Mwenyekiti, mikono yake miwili hewani ikionyesha jinsi mtu anavyoyumba kabla ya kuanguka. Alisimama hapo labda kwa pumzi tatu. Kisha akajaza mafuta, akatoboa kidole, akapigiwa muhuri, akaondoka. Dakika sita.

Mwisho wa safari ulikuwa ua wa nyumba ya wageni iliyo juu ya kilima. Katibu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado alivaa filimbi shingoni, alikuwa amekaa na kitabu cha majina pamoja na ndugu na wake wa waendeshaji. Jua lilikuwa limebaki kama urefu wa mtu juu ya milima. Alipoiona pikipiki ya kwanza inaingia, na juu yake Sindano, alisimama mpaka kalamu ikaanguka.

"Si tumeambiwa umelazwa?"

Sindano alivua kofia polepole, nywele zimelowa. "Nani kasema?"

"Mwenyekiti kapiga simu. Kasema umezimia njiani, kakubeba yeye mwenyewe, gari la hospitali limekuchukua."

"Kanibeba?"

"Mikononi mwake, kasema."

Watu walitazamana. Sindano aliomba kiti, akaketi nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo anayeingia kutoka kwenye mwanga hawezi kumwona mara moja. Akapima. Sita nukta mbili. "Akija," alimwambia Katibu, "mwacheni aseme yote. Msimkate."

Dakika kumi na nane baadaye Mwenyekiti aliingia. Alishuka kwa madaha, akanyoosha mgongo, akashika kiuno. "Kiti hiki, jamani, kiti hiki," alisema. "Mgongo wangu leo ni wa kijana." Halafu akakumbuka huzuni, akaivaa. Aliwaeleza jinsi alivyomkuta dada yetu chini ya daraja, hana fahamu, povu mdomoni. Jinsi alivyomfungua vifungo vya koti. Jinsi alivyomshika mkono hadi gari likafika. "Siku zote nilisema," alimalizia, "ugonjwa ule na barabara haviendani. Mnakumbuka ile kona."

"Tunaikumbuka," alisema Katibu kwa ile sauti iliyofunga midomo ya madarasa arobaini. "Na siku ya kona pia ulimshika mkono?"

"Nilimfunika kwa koti langu, mbele yenu."

"Endelea," ilisema sauti kutoka mlango wa jikoni. "Umefika kwenye povu."

Sindano aliinuka akaja mbele, daftari mkononi, mihuri yote mitatu imeandikwa saa. Alikiweka kipima sukari kwenye kiganja cha Mwenyekiti kama mtu anayempa mwenzake kitu chake alichodondosha. "Wasomee."

Mwenyekiti alitazama. "Sita nukta mbili," alisema chini chini.

"Siku ya kona ilikuwa sita nukta nane. Leo ilishuka kweli, saa nane mchana, nikakaa chini nikaisubiri, kisha nikakupita ukiwa unaniigiza kwa mikono. Kuzimia sikuzimia. Kunibeba hujanibeba. Kiti nimekushonea mimi, na umewaambia wote hapa kilivyo. Sasa waambie kilichokuchelewesha."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililommaliza. Mke wake alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aliinamisha macho kwenye mkoba wake. Mwenyekiti aligeuka kumtafuta hata mtu mmoja wa kumtazama, akamkosa. Njia ya mwongo ni fupi, hata ikiwa ya kilomita mia nane.

Sindano hakulala vizuri siku mbili zilizofuata. Sukari ilipanda hadi kumi na nane, ikashuka, ikapanda tena, na kisigino kilitoka lengelenge ambalo muuguzi alilihudumia wiki tatu huku akimsema. Alivumilia yote bila kuguna. Katika mkutano wa mwezi uliofuata kanuni ilifutwa, na uchaguzi ulipoitishwa Mwenyekiti alipata kura nne. Katibu mwenyewe alileta barua ya kumkaribisha Sindano arudi chamani. Aliisoma, akashukuru, akamwambia ataifikiria wakishaandika kwenye kumbukumbu zao nani alimkatia nani kwenye kona.

Mwezi wa tatu yule bwana alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, amekonda kidogo, hana tabasamu, akamsalimu fundi saa kwanza.

"Nimekuja tuyamalize," alisema.

"Mwenye shauri yuko kule nyuma," fundi saa alijibu.

Sindano alikuwa na kiti cha mteja mwingine mezani. "Dada," bwana yule alianza, "binadamu tunakosea. Niambie nifanye nini."

"Rudi palepale uliponizika, mbele ya walewale, useme ya kwenye kona. Siyo hapa kwangu."

Alitazama mlango. "Nitalitazama," alisema mwisho, akaondoka.

Fundi saa alisubiri hadi hatua zikaisha nje. "Hatasema yule," alisema.

"Najua."

"Na wewe hutautua huo mzigo."

"Nimeishi na kitu kisichopona kwa miaka ishirini," Sindano alimjibu, akivuta uzi. "Hiki cha pili hakinipi taabu."